Kilo za Mtukufu

Katika nchi yetu hakuna mkubwa anayekwenda mahali alikoalikwa. Mgeni asidhani hii ni dharau. Mkubwa akiombwa kufungua kisima humtuma aliye chini yake, naye aliye chini yake hupata udhuru akamtuma wa chini zaidi, hadi mwisho kisima kinafunguliwa na karani mwenye shati lililopauka kwenye kola, akisoma karatasi iliyoandikwa: "Mimi binafsi nimefurahi sana kuwa pamoja nanyi leo." Watu hupiga makofi. Wanajua kwamba aliyefurahi hayupo na aliyepo hajafurahi, lakini utaratibu ni utaratibu. Tunayo hata Ofisi ya Uwakilishi yenye ghorofa nne. Waziri wake sijapata kumwona, kwa sababu huwakilishwa na Katibu Mkuu, Bwana Ndimbo.

Nalieleza hili mapema ili msomaji asije akacheka pasipostahili.

Mimi ni mpima mizani wa serikali. Kwa miaka kumi na tisa nilipima korosho kwenye ghala la ushirika, na mizani yangu ilikuwa na tabia ya kupunguza kilo tatu katika kila gunia. Wakulima waliilalamikia tabia hiyo, serikali iliithamini. Habari zake zilipofika Jumba Kuu, mizani ikapandishwa cheo na kuhamishiwa huko ili imhudumie Mtukufu Mlezi wa Taifa, nami nikaifuata. Kila Ijumaa saa nne asubuhi nilimpima Mtukufu. Siku ya kwanza alikuwa na kilo mia moja sitini na nane kwa mizani, yaani mia moja sabini na moja mbele ya Mungu.

Mtukufu alikuwa mlaji. Sisemi hivyo kwa ubaya, nasema kama mtu anavyosema bahari ina maji. Asubuhi aliletewa maini ya kukaanga, chapati saba, mayai na bakuli la uji wa ulezi uliotiwa siagi. Alipomaliza, kifungua kinywa chenyewe kikaletwa. Alikula huku akisaini sheria, na ndiyo maana sheria zetu nyingi, ukizishika, zinateleza.

Siku moja daktari wake, Daktari Nyange, mtu mwembamba asiyejua siasa, alimpima mapigo ya moyo akakunja uso.

"Mtukufu, usipopunguza kula hutafika mwakani."

Hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia Mtukufu sentensi inayoanza na "usipo".

"Kwa hiyo kuna dawa," alisema Mtukufu.

"Ipo, lakini haimezwi. Ni wewe kuamua, kila unapoketi mezani, kwamba sasa basi. Hakuna mwingine anayeweza kukuamulia."

Baraza la Mawaziri liliitishwa kwa dharura. Kwa kuwa mawaziri wote walituma wawakilishi, kikao kilikwenda vizuri, kwa saa sita, na mapumziko matatu ya chakula. Bwana Ndimbo ndiye aliyeokoa jahazi. Alisimama, akaweka miwani sawa, akauliza: Je, Mtukufu amewahi kuweka jiwe la msingi kwa mkono wake? Hajawahi. Amewahi kupanda mti Siku ya Miti? Hajawahi. Alipofiwa na mama yake mzazi, ni nani aliyekwenda kulia makaburini? Ni Mkurugenzi Msaidizi wa Itifaki, na alilia vizuri sana. "Sasa waheshimiwa," alisema Bwana Ndimbo, "mtu ambaye hakumlilia mama yake kwa macho yake, leo tunathubutuje kumtaka aikatae chapati kwa mdomo wake?"

Ikaamuliwa kwamba Mtukufu atajizuia kupitia mwakilishi.

*

Aliyechaguliwa aliitwa Mwadini Shaali, karani mwandamizi wa Ofisi ya Uwakilishi, umri miaka arobaini na minne. Walimchagua kwa unene wake. Alikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, na hakuna mwingine katika utumishi, aliye chini ya cheo cha Mkurugenzi, aliyemkaribia. Tofauti ya kilo thelathini na saba baina yake na Mtukufu iliandikwa kwenye jalada kuwa ni cheo.

Unene huo haukuwa wa kwake, ukitaka ukweli. Miaka kumi na saba alikuwa akitumwa kwenye harusi, matanga, mahafali na ufunguzi wa vyoo vya shule, na kila alikokwenda aliwekewa sahani ya mgeni rasmi. Sahani ya mgeni rasmi katika nchi yetu huchukuliwa na watu wawili. Kubakisha hata mfupa wenye nyama ilikuwa ni kumtukana mkubwa uliyemwakilisha, na Bwana Ndimbo alikuwa akipiga simu kila jioni kuhakikisha.

"Sahani ilirudi?"

"Haikurudi, mkuu."

"Vizuri. Kesho una harusi mbili."

Mwadini aliwahi kuniambia, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ghala la mizani, nyuma ya Jumba Kuu: "Kaka, mimi sijui njaa yangu ikoje. Nimekula kwa njaa ya Wakurugenzi tangu nikiwa kijana. Mwili ukazoea, sasa hata Jumapili, ambapo hakuna shughuli, mkono unakwenda wenyewe."

Na alikuwa na jambo jingine ambalo jalada halikulitaja. Kwenye kisigino cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kisichofunga, mwezi wa tano sasa. Zahanati walimwambia ni sukari, na kwamba akiendelea kula hivi mguu utakatwa kabla ya mwaka kuisha. Baba yake mzazi alikatwa wa kushoto, akakatwa wa kulia, kisha akafa. Mke wake Siwatu, mshonaji wa sare za shule, alikiosha kidonda kile kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na alikiosha kimya, kwa sababu maneno aliyokuwa nayo alikwisha kuyasema.

Barua ya uteuzi niliisoma kwa macho yangu. Ilisema: "Unateuliwa kujizuia kwa niaba ya Mtukufu Mlezi wa Taifa kuanzia tarehe ya barua hii. Njaa utakayoisikia ni mali ya Serikali, na huruhusiwi kuitumia kwa shughuli binafsi. Aidha, kilo utakazopungua zitahesabiwa kuwa za Mtukufu. Hongera."

*

Kwa hiyo Ijumaa zikaendelea, ila sasa aliyepanda mizani alikuwa Mwadini, na jina nililoandika lilikuwa la Mtukufu. Jikoni Jumba Kuu walimpikia mchicha wa kuchemsha, kipande cha samaki na muhogo nusu. Mtukufu naye alikula kama kawaida. Sivyo, namdhulumu: alikula zaidi ya kawaida, kwa utulivu wa mtu ambaye jambo lake linashughulikiwa. Akikata paja la tatu la kuku alisema, "Kujizuia si mchezo," na wasaidizi wakatikisa vichwa kwa huruma.

Ijumaa ya kwanza Mwadini alisoma mia moja thelathini na mbili.

Bwana Ndimbo aliitwa, akaja na jasho. "Mtukufu ameongezeka kilo moja," alimwambia Mwadini. "Una maelezo gani?"

Mwadini alikuwa ameula ule mchicha, na akitoka alipita kwa mama wa mandazi aliye kwenye kona ya posta, akala kumi na mawili. Bwana Ndimbo akachukua hatua kali. Aliweka askari wawili wamlinde Mwadini dhidi ya chakula. Askari walilinda siku mbili, siku ya tatu wakaonekana kwa mama wa mandazi, watu watatu, wanakula pamoja. Ikaundwa kamati ya kuwasimamia askari. Kamati ilipewa posho ya chakula. Ijumaa ya pili mizani ikasoma mia moja thelathini na tatu, na kamati yenyewe, niliyoipima kwa udadisi tu, ilikuwa imeongezeka kilo kumi na moja.

Lililobadilisha mambo halikutoka ofisini. Siwatu alinisimulia mwenyewe. Asubuhi moja alikuwa anaosha kile kidonda, maji yakawa na harufu mpya, naye akaacha kuosha.

"Baba Zuhura," alisema, "Bwana Ndimbo ana miguu mingapi?"

"Miwili."

"Na Mtukufu?"

"Miwili."

"Na huu hapa ni wa nani? Maana kila siku unaniambia unakula kwa ajili ya fulani, umeacha kula kwa ajili ya fulani. Siku wakija na msumeno, watamkata fulani?"

Mwadini alivaa kiatu akatoka, na alipofika kona ya posta akachukua andazi, likiwa la moto, akalishika. Kisha akafanya jambo ambalo alisema lilimtia aibu kwa jinsi lilivyokuwa dogo: aliushusha mkono akauweka juu ya meza ya yule mama, akangoja. Alitaka kujua ni nani anayetaka lile andazi. Alingoja mpaka mama wa mandazi akamuuliza kama anaumwa. Halafu akala mawili, badala ya kumi na mawili, akaenda zake.

Siku iliyofuata alikula matano, akajichukia. Siku ya tatu alikula moja. Usidhani aliamka mtakatifu. Kwenye harusi ya mpwa wake, mwezi wa pili, alikula sahani tano za biriani, akajifungia chooni akalia mpaka wakadhani amefiwa. Kesho yake alianza tena. "Hakukuwa na kamati, kaka," aliniambia. "Ningekuwa na kamati ningeilaumu." Akawa anatembea kwa miguu kwenda kazini, watoto wa mtaani wakimwita tangi la maji, naye akiwasalimu. Kila chakula kilipoletwa aliuweka mkono chini kwanza, akangoja, ndipo akala, na alipotosheka alisimama. Ukimtazama usingeona lolote la maana, ni mtu mnene tu anayetazama wali.

Mia moja ishirini na nane. Mia moja ishirini na tatu. Mia moja kumi na saba.

*

Redio ya Taifa ilikatiza matangazo. "Mtukufu Mlezi wa Taifa amepungua kilo kumi na nne kwa juhudi zake binafsi." Magazeti yote mawili, ambayo ni moja lenye majina mawili, yaliandika MTUKUFU ALISHINDA TUMBO. Shule zilitungiwa wimbo. Kitabu kikatoka, kimeandikwa na Mtukufu kwa mkono wa mtu mwingine, kinachoeleza jinsi alivyokuwa akiamka alfajiri na kupambana na nafsi yake juu ya kipande cha muhogo. Nilikisoma. Humo Mtukufu ana mke anayemwosha mguu.

Ikatoka pia amri ya wananchi wote kuiga. Maofisa wakasambaa mikoani kupima nani amejizuia zaidi, na baada ya mashindano makali kombe lilichukuliwa na wilaya moja ya kusini ambako mvua haikuwa imenyesha kwa miaka miwili. Mkuu wa wilaya hiyo alipokea kombe kwa niaba ya wananchi wake, ambao hawakuwa na nguvu za kutembea mpaka uwanjani. Kwenye hotuba alisema wilaya yake ina watoto ambao hawajaonja nyama tangu wazaliwe, na hawajalalamika. Alipandishwa cheo.

Siku za Mtukufu mwenyewe zilikuwa za kazi nzito. Kwa kuwa sasa alikuwa mwembamba kwenye karatasi, jikoni walimwongezea mlo ili asidhoofike.

Mwezi wa saba Mwadini alikuja kupimwa akiwa na uso ambao sikuujua. Alisimama pembeni ya mizani, akavua soksi ya kushoto, akaniinulia kisigino. Kulikuwa na kovu la rangi ya waridi, limefunga, kavu.

"Nimepanda ghorofa nne bila kupumzika," alisema. "Na leo asubuhi Siwatu ameniambia ninakoroma kama mtu, si kama lori."

Nilifurahi, na sina haya kusema hivyo. Katika miaka yote ya kupima magunia na viongozi sijawahi kuona kitu kinapungua halafu mwenyewe anakuwa zaidi. Niliandika kilo mia moja na mbili, jina Mtukufu, na mkono wangu uliona aibu.

*

Mwezi wa kumi na moja Mwadini alifika kilo themanini na nne, ambalo ndilo lengo lililokuwa limeandikwa na Daktari Nyange. Ikatangazwa sikukuu. Na kwa kuwa kazi imekwisha, Bwana Ndimbo akamwandikia Mwadini barua ya makabidhiano.

Mtumishi wa umma kwetu akipewa baiskeli, siku ya kuirudisha hukaguliwa kama pampu ipo na kengele inalia. Akipungukiwa na kitu, anakirudisha. Ni kanuni ya zamani na hakuna aliyewahi kuona kosa ndani yake. Barua ilisema: "Siku ya uteuzi ulikabidhiwa mwili wa kilo mia moja thelathini na moja kwa matumizi ya Serikali. Ukaguzi unaonesha upungufu wa kilo arobaini na saba. Unatakiwa kufika Ukumbi wa Jumba Kuu tarehe tano saa sita mchana, ambapo mbele ya Kamati ya Makabidhiano utakula hadi mwili urejee katika hali uliyokabidhiwa. Chakula kimegharimiwa. Ukikataa utashitakiwa kwa kupoteza kilo za umma."

Mwadini aliniletea barua hiyo ghalani. Siwatu alikuwa pamoja naye, ameshika mkoba kifuani kama ngao.

"Shemeji, wewe ni mtu wa serikali," aliniambia. "Wanaweza?"

"Wanaweza," nilisema. "Hawajui mengi, lakini hilo wanalijua."

"Wanamrudishia mguu uoze."

"Kwenye fomu hakuna mguu, shemeji. Kuna kilo tu."

Mwadini alikuwa ameketi kwenye mizani, kama vile benchi, anatazama mikono yake. "Nitakwenda," alisema. "Ila sitakula kupita ninavyotaka."

"Watakufunga."

"Gerezani wanakula nini?"

"Ugali na maharage. Mara moja kwa siku."

"Basi," alisema Mwadini, na kwa mara ya kwanza siku ile Siwatu akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

*

Tarehe tano ukumbi ulijaa. Meza ilikuwa na masinia kumi na mawili: biriani, pilau, mbuzi mzima, kuku, sambusa zilizopangwa kama matofali, na maandazi ya mama yule yule wa posta, ambaye alikuwa ameteuliwa kuwa mzabuni. Mizani yangu iliwekwa katikati, nami pembeni yake na daftari. Na Mtukufu alikuja yeye mwenyewe. Watu walishangaa, lakini tuliomjua hatukushangaa, kwa sababu penye masinia kumi na mawili hakuna mwakilishi anayeaminika. Aliketishwa kwenye kiti kilichoimarishwa kwa nondo. Nilikuwa nimempima kwa siri juma lililopita: mia mbili na nne kwa mizani.

Bwana Ndimbo alisoma hotuba ya kumpongeza Mtukufu kwa wembamba wake. Mtukufu alisikiliza akihema.

Kisha Mwadini akaketi mbele ya sinia la kwanza. Aliuweka mkono juu ya meza, akangoja. Akala matonge manne ya wali na kipande cha kuku, polepole, akanawa.

"Nimeshiba," alisema.

Bwana Ndimbo alitabasamu kwa Kamati, kisha akamwinamia. "Umeshiba kwa idhini ya nani?"

"Sikujua kama kuna idhini, mkuu."

"Mwadini, nimekulea mimi. Miaka kumi na saba hujarudisha sahani. Leo ndiyo unataka kunitia aibu mbele ya Mtukufu?"

"Zile sahani nilizila kwa kukuogopa. Leo bado nakuogopa, mkuu. Lakini nimeshiba."

Bwana Ndimbo akawaita askari. Ni wale wale wawili wa mwanzo, na walisogea taratibu, macho yao yakiwa kwenye sambusa. Siwatu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kuja mbele akisukuma watu. Nami niliinuka, sijui kwa lengo gani, na nikakaa tena, na kukaa kule nakujutia mpaka leo.

"Ngojeni," alisema Mtukufu.

Alimwita Mwadini kwa kidole. Kwa sababu ya mizani nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Unafanyaje?" aliuliza Mtukufu. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza njia.

"Nauweka mkono chini, Mtukufu. Nangoja kidogo. Kisha naamua."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ni vigumu. Jana ilikuwa vigumu, na kesho itakuwa vigumu. Lakini mkono ni wangu, nikaona nisimwachie mtu."

Mtukufu alitazama mkono wake mwenyewe, uliojaa pete zilizozama kwenye nyama. Akauweka juu ya meza. Akangoja. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Nilifika tisa. Naapa kwamba katika zile sekunde tisa palikuwa na mtu ndani ya lile vazi pana, mzee aliyechoka na mwenye hofu ya kufa, na nikamwonea huruma, hisia ambayo sikuwa nimeikusudia.

Kisha harufu ya pilau ikageuka upande wetu.

"Utaratibu upo," alisema Mtukufu, sauti imerudi kuwa nene. "Huyu alijizuia kwa niaba yangu. Nami, kwa unyenyekevu, nitakula kwa niaba yake. Sogezeni."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Haikuwahi kutokea katika historia ya nchi yetu kiongozi akamwakilisha mwananchi. Wazee walilia. Mtukufu akavuta sinia la kwanza, na mimi nikaamriwa kuandika kila kilo aliyoongezeka kwa jina la Mwadini Shaali, huku Bwana Ndimbo akitangaza kwenye kipaza sauti: "Mwadini amemaliza biriani. Mwadini anaingia kwenye mbuzi. Mwadini anaendelea vyema." Mwadini mwenyewe alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, anatazama jinsi anavyokula.

Kwenye sinia la tisa Mtukufu aliinua mkono kama anayetaka kusema neno, akalala kifudifudi juu ya sambusa.

Daktari Nyange alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza kifua, akasimama. "Amekufa," alisema.

Bwana Ndimbo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, na nikaona kwamba hata katika saa ile akili yake ilikuwa inafanya kazi kama saa ya ukutani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Mheshimiwa, unamwona."

"Namwona. Nauliza kiutaratibu. Alipokuwa anakula, alikuwa anakula kama nani?"

Kamati ilinong'ona, ikafungua kanuni, ikafunga kanuni. Daftari langu likachukuliwa na kusomwa. Kilo zote za siku ile zilikuwa za Mwadini Shaali, kwa mwandiko wangu, na nimezipigia mstari. Mwenyekiti wa Kamati akageuka kumtazama Mwadini, na uso wake ukajaa majonzi ya kweli.

"Pole sana," Bwana Ndimbo alimwambia Mwadini, akimshika bega. "Ulikuwa mtumishi mwema. Tatizo lako lilikuwa tumbo."

*

Mtukufu Mlezi wa Taifa ni mzima. Ana kilo themanini na nne na afya njema, na jioni ile ile alitoa salamu za rambirambi redioni kwa sauti iliyofanana kidogo na ya Bwana Ndimbo, akiwaonya wananchi wajifunze kutokana na kifo cha karani yule aliyeshindwa kujitawala mbele ya chakula. Huu ni mwaka wa nne sasa. Mtukufu anawakilishwa kila mahali, kama zamani, na kazi za serikali hazijazorota kuliko zilivyokuwa. Hakuna aliyegundua tofauti ila jikoni, ambako wamepunguza wapishi.

Maziko yalikuwa makubwa. Jeneza lilibebwa na watu kumi na sita kwa zamu, likiwa na jina la Mwadini Shaali juu yake, na majirani waliomjua alivyokuwa zamani walisema ndiyo, ndiye, uzito ule ule. Mwadini aliomba kusema machache kaburini akakataliwa, kwa kuwa hakuwa na barua ya kumwakilisha marehemu.

Baadaye tulikaa matangani nyumbani kwake. Bwana Ndimbo alikuja na ujumbe wa Serikali na yale masinia matatu yaliyobaki. Alisoma hotuba ndefu juu ya ulafi wa marehemu. Mwadini alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya mke wake, mwembamba, anasikiliza jinsi jasho lake la miezi kumi na moja lilivyopewa mtu mwingine na jinsi masinia tisa ya mtu mwingine yalivyoandikwa kwenye kaburi lake. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama haimuumi.

"Inauma," alisema. "Jina walilichukua zamani, kaka, tangu harusi ya kwanza. Mguu wamesahau kuuchukua."

Siwatu akamletea sahani ya pilau. Mwadini aliuweka mkono chini, akangoja kidogo, akala. Alipofika nusu aliisogeza sahani, akamwambia mkewe ahsante, wakatoka wote wawili kutembea kwenye barabara ya kuelekea kiwandani, ambako siku hizi hutembea kila alasiri.

Bwana Ndimbo, ambaye jicho lake lilikuwa limeifuata sahani ile tangu ilipotua, alitazama kushoto, akatazama kulia, akaivuta. "Kwa niaba ya marehemu," alisema, akaimaliza mpaka punje. Kisha akajilamba vidole na kuniuliza kama yale masinia mengine yana mwenyewe.